Duara Lenye Pengo Kwenye Meza ya Maranda

Kwenu vijana wa karakana ya Same. Siku mliyoniaga kwa chai na mikate, mmoja wenu alisimama akasema Mzee Zefania aandike anachokijua kuhusu joto na samani kabla hajakisahau. Wengine mkapiga makofi. Yale maneno "kabla hajakisahau" sikuyapenda, lakini daftari nimenunua. Humu hamtakuta habari za vyeo wala mshahara. Vyeo vilikuwa viwili na vyote vilichelewa, na mshahara mnaujua kwa sababu ndio huo mnaopokea ninyi. Nitaandika habari za joto, kwa kuwa ndilo lililonipa jina, na habari za mpishi mmoja, kwa kuwa ndiye aliyenipunguzia jina hilo nilipokuwa nimeanza kulipenda mno.

Nilishuka kutoka Mbaga kwa miguu nikiwa kijana ambaye hajaota ndevu za kutosha kunyoa. Mama alinivalisha sweta zito, maana kwetu asubuhi ukungu huingia mpaka jikoni. Nilipofika chini ya mlima sweta lilikuwa begani, na nilipofika Same lilikuwa kiunoni na shati limelowa na kukauka mara mbili. Fundi mkuu wa karakana ya serikali wakati huo alikuwa Fundi Shemboko, Msambaa mfupi aliyejifunza useremala kwa wamisheni huko kwao Lushoto. Alizungumza kidogo sana, kana kwamba maneno nayo hutolewa stoo kwa kutia sahihi.

"Umetoka wapi?"

"Mbaga. Shikamoo."

"Marahaba. Siku nyingine anza na shikamoo. Na hilo sweta utalivaa wapi hapa?"

Nikasema sijui.

"Basi litundike. Niletee kile chungu."

Chungu chenyewe kilikuwa cha chuma, ingawa jina lake ni chungu. Ndicho mnachokijua, chungu cha gundi, kimoja ndani ya kingine. Cha nje kina maji, cha ndani kina gundi ya ngozi, na chini kina ukingo wa duara unaokikalisha wima. Mimi sikukijua. Nilikishika kwa mikono mitupu kikiwa kimetoka motoni, nikakiachia, kikaangukia kipande cha chuma kilichokuwa sakafuni. Fundi Shemboko aliinama, akakiokota kwa tambara, akakigeuza, akakitazama kitako. Ukingo wa chini ulikuwa umemeguka kipande cha upana wa ukucha.

"Kimepata pengo," alisema. "Kuanzia leo ni chako."

Baada ya hapo ndipo alipotazama mikono yangu.

Gundi ile huja ikiwa vipande vigumu vinavyofanana na sukari guru. Unailoweka, unaiyeyusha polepole kwa mvuke wa maji, na haitakiwi kuchemka yenyewe, ikichemka inapoteza nguvu na inanuka karakana nzima kama machinjioni. Lakini ugumu wake hasa ni kwamba inafanya kazi ikiwa ya moto tu. Ukitoka hatua nne kwenda kuchovya brashi na kurudi, imeshaanza kuganda. Kwa hiyo Fundi Shemboko alinifundisha jambo moja kuliko yote: chungu kikae mahali mkono unapofika bila mguu kusogea. Meza yetu ya kazi ilikuwa ya mvule, unene wake kiganja kizima, na haikujali kitu. Ukiweka chungu cha moto, ukiweka pasi, ukiweka hata kaa, inakutazama tu. Nilishika fundisho lile miaka zaidi ya ishirini bila kulihoji, na mtaona lilinifikisha wapi.

Kazi yetu ilikuwa nyumba za serikali. Mwanzoni vitu vingi tulivitengeneza wenyewe kwa mbao za mkulo zilizopasuliwa huko Chome na kuteremshwa mabegani. Baadaye vikaanza kuja vitu kwa treni kutoka Tanga, makabati na meza za kung'aa, ambazo juu zimebandikwa ngozi nyembamba ya mbao nzuri na ndani ni mbao ya kawaida isiyotaka kuonekana. Vitu vile vilitengenezwa kwenye nchi ambayo jua ni mgeni. Vikiteremshwa stesheni ya Same saa nane mchana, vilianza kulia kabla ya kupakiwa kwenye mkokoteni. Mnacheka, lakini nilisikia kwa masikio yangu kabati likipasuka, tah, na mpagazi akaomba radhi akidhani ni yeye.

Kesi yangu ngumu ya kwanza ilikuwa ya karani mmoja wa mahakama. Kabati lake la nguo lilitoa malengelenge upande mmoja, katikati, kwa urefu wa kiuno. Nilikwenda nikayapasua kwa wembe, nikatia gundi, nikabana. Baada ya mwezi yakarudi palepale. Nikaenda tena. Yakarudi. Nilimuuliza kama huwa anaweka taa karibu, akaapa. Nilimuuliza kama mkewe hupigia pasi hapo, akaapa na mkewe naye akaapa. Safari ya tatu nilikaa kitini nikilitazama kabati kama mtu anayemngoja mgonjwa azungumze, nikasikia harufu ya maharage. Nikatoka nje, nikazunguka ukuta. Upande wa pili, kwa urefu wa kiuno, palikuwa na jiko la jirani. Tulilisogeza kabati mkono mmoja kutoka ukutani, na malengelenge hayakurudi. Tangu siku ile sitengenezi kitu kilichoungua kabla ya kuuzunguka ukuta, na ninyi msitengeneze.

Nyumba kwa nyumba nikawa nayajua makosa ya watu. Kuna wanaoweka karabai juu ya meza ya kulia, wakati karabai inaunguza chini kama inavyoangaza juu. Kuna wanaopigia pasi ya mkaa juu ya meza wakiwa wamekunja shuka mara mbili, wakiamini shuka ni ukuta. Kuna wanaotandaza kitambaa kibichi chini ya sufuria ya moto, na hao ndio wabaya zaidi, kwa kuwa maji yakipata moto yanageuka mvuke na mvuke unaingia mpaka kwenye gundi. Kuna wanaoacha meza dirishani, jua la alasiri likaipika upande mmoja. Hao niliwaamuru mapazia yafungwe kuanzia saa sita. Niliamuru kweli, na nyumba za wazungu pia, na wakafunga. Same nzima ilikuwa ikila chakula cha mchana gizani kwa sababu yangu.

Watu wanaounguza meza hawakiri. Mpishi atasema ni yaya, yaya atasema ni mtoto, mtoto anachora ukutani. Kwa hiyo nikatengeneza ule ubao mnaoujua, uliotundikwa karibu na jiriwa ya kubania mbao. Kila nyumba niliyoingia nilipima kwa bikari kitako cha birika lao, cha sufuria, cha taa na cha pasi, nikachora ubaoni na kuandika jina. Nikiitwa kwenye alama, naipima, narudi kwenye ubao, natoa jawabu. Mara ya kwanza watu walicheka. Mara ya tano hawakucheka. Ikafika mahali nikiingia sebuleni na bikari mkononi, mtu anakiri kabla sijaifungua. Lazima niseme ukweli kwamba nililifurahia jambo hilo. Nilianza kutembea polepole.

Ndipo ilipokuja meza ya Bwana Shauri, yule msaidizi wa Bwana Mkubwa wa wilaya. Iliagizwa Ulaya, ikaja ndani ya sanduku na karatasi nyingi. Niliigonga kwa kidole, ikajibu kama kiazi. Nikaigeuza nikachungulia pale ilipotobolewa kwa ajili ya miguu. Vijana, siku hizi mmeshaziona mbao za namna hii, lakini fikirini mtu anayeiona kwa mara ya kwanza. Ilikuwa maranda. Maranda na vumbi la msumeno, vimeshindiliwa kwa gundi, na juu vimebandikwa ngozi ya mbao nyembamba kama karatasi ya barua. Miaka yote ile nilikuwa nafagia maranda na kuyatupa nyuma ya karakana, na kumbe kuna watu walikuwa wanayafagia wakayafanya meza, wakayapandisha meli.

Mpishi wa nyumba ile alikuwa Mzee Elinaza, mtu wa Gonja, aliyenizidi umri kama miaka kumi na mitano. Alikuwa mrefu, mtaratibu, mzee wa kanisa, na alipika mkate ambao mabwana wawili waliohamishwa waliutaja kwenye barua baada ya kufika kwao. Alinihesabu kama mdogo wake kwa kuwa wote tu watu wa milimani. Nikipita jikoni kwake sikuondoka bila chai.

Haikuisha miezi mitatu, ukavu wa Same ukabandua ukingo wa ile meza. Niliitwa siku ya Jumanne. Nikabeba msumeno mdogo, vibanio na chungu changu, nikakipasha moto jikoni kwa Mzee Elinaza, nikaingia nacho sebuleni. Mapazia yalikuwa yamefungwa, kama nilivyoamuru. Nilitia gundi, nikabana, na nikiwa nangoja ishike nikamwita mpishi nikampa mawaidha.

"Mzee, meza hii si kama zile. Hii ni maranda. Usiweke juu yake kitu chochote cha moto, hata kwa dakika moja. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, fundi," alisema Mzee Elinaza. Alisimama wima mikono nyuma, kama mtoto wa shule. Nilimaliza mawaidha, nikafungua vibanio, akatandika kitambaa cha meza, nikaenda zangu.

Jumatatu iliyofuata kitambaa kilitolewa kufuliwa, na katikati ya meza pakaonekana duara. Ngozi ya juu ilikuwa imepauka na kuvimba. Bwana Shauri alikuwa safarini huko milimani kwa mabaraza, kwa hiyo ni mkewe, memsabu, aliyetuma niitwe. Nilikuja na bikari. Memsabu amesimama mlangoni, Mzee Elinaza amesimama karibu na kabati la vyombo. Kwenye giza la mapazia nilipima upana wa duara, nikapima kitako cha birika la nyumba lililoletwa kutoka jikoni. Vilikaribiana. Pengine vilipishana kwa unene wa uzi, na uzi huo nikausamehe, kwa sababu mbao ikivimba inasogeza ukingo. Mtu yeyote angesamehe.

"Ni birika," nikasema.

Memsabu alimtazama mpishi. Mpishi alilitazama birika. Mimi nikakunja bikari nikatoka, nikitembea polepole.

Sikujua kilichofuata mpaka Jumatano, niliporudi na randa kuona kama uvimbe ule unaweza kupunguzwa. Memsabu alikuwa ametoka. Kwa kazi ya randa nilihitaji mwanga, nikafungua mapazia. Jua likaingia likalala juu ya meza, nikaona lile duara halikuwa kamili. Upande mmoja, upana wa ukucha, mbao ilikuwa nzima na inang'aa kama ilivyotoka sandukuni.

Nililijua pengo lile kama ninavyoujua mkono wangu. Nikakumbuka yote kwa mpangilio. Jumanne ile, chungu kikifuka moshi mahali mkono unapofika bila mguu kusogea, na mimi nimesimama pembeni yake nikimwambia mzee aliyenizidi umri asiweke juu ya meza hii kitu chochote cha moto, hata kwa dakika moja.

Nilifunga mapazia. Hilo ndilo jambo la kwanza nililofanya, na ninaliandika hapa kwa kuwa ndilo ninaloliona nikifumba macho.

Wakati natoka, mtunza bustani akaniambia Mzee Elinaza ameachishwa, anaondoka Jumamosi. Meza yenyewe wala haikuwa kitu, alisema, lakini memsabu alichukizwa kwamba mzee alikana kwanza. Sasa vijana hamjui mpishi alikuwa anaishi kwa kitu gani. Mpishi aliishi kwa barua. Kila bwana akihama alimwandikia barua ya sifa, na barua hizo ndizo zilizomfungulia jiko jingine. Barua mbaya moja kutoka kwa memsabu wa Same, hakuna nyumba kutoka Moshi mpaka Tanga ingemchukua. Mzee alikuwa na binti kwenye shule ya ualimu, na mwaka mmoja tu ulikuwa umebaki.

Niliogopa. Nasema wazi, niliogopa. Niliwaza ule ubao wa maduara na watu wote waliokiri mbele yangu. Niliwaza kwamba Bwana Shauri ndiye aliyetia sahihi karatasi zangu za kazi. Niliwaza pia kwamba Mzee Elinaza amekaribia kupumzika hata hivyo, na wazo hili ndilo baya kuliko yote, kwa sababu lilinijia likiwa na sura ya huruma. Jumatano ikapita. Alhamisi mchana sikuweza kula, mke wangu Nakiete akaniuliza nina nini. Nikamweleza. Alisikiliza hadi mwisho huku anatoa mawe kwenye mchele.

"Birika la mzee lina pengo?" aliuliza.

"Halina."

"Basi unangoja nini? Liote?"

Ijumaa asubuhi nilikitia chungu kwenye kikapu nikapanda kwenda nyumbani kwa Bwana Shauri. Nilizunguka nyuma, jikoni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Zefania. Karibu, ila utanikuta kwenye hali ya kufunga mizigo."

Alikuwa na kopo la biskuti mbele yake, na barua zake amezitandaza mezani kwa mpangilio. Zilikuwa nyingi, nyingine zimeshakuwa rangi ya chai. Alizikusanya moja moja.

"Shida ya barua," alisema, "ni kwamba wazungu husoma ya juu tu. Wakimaliza ya juu wanakurudishia kopo. Hizi za chini hata zingekuwa zimeandikwa na mfalme."

"Mzee," nikasema, "uliweka birika juu ya ile meza?"

Aliacha kukusanya. Hakukasirika. Angekasirika ingekuwa nafuu kwangu.

"Mwanzo nilikataa," alisema. "Nilimwambia memsabu sikuweka. Halafu nikakaa hapa nikawaza. Nikasema, Zefania amepima, na Zefania akipima, amepima. Basi nikawa natafuta siku. Nimeipata. Ni ile Alhamisi walipokuja wageni wa Moshi. Nilikuwa na haraka, kuku alikuwa anaungua, lazima niliweka birika nikakimbia. Sasa hivi hata naliona, fundi. Naliona pale juu likitoa moshi. Nimeshamwendea memsabu nikakiri, maana si vizuri mtu wa umri wangu kukana jambo alilofanya."

Nilikaa juu ya gunia la mkaa. Niliona aibu ambayo sikuwahi kuiona, na haikuwa aibu ya meza. Mtu mzima mwenye akili timamu alikuwa ameingia kwenye kumbukumbu zake akatengeneza kosa ambalo hakulifanya, kwa sababu tu mimi nilifungua bikari mbele yake na kusema kwa sauti ya uhakika.

"Mzee, si birika lako. Ni chungu changu."

Aliteremsha sauti na kuniambia kwa Chasu, lugha ya kwetu, "Unasema hivyo kwa kuwa wote tu Wapare? Usijiponze kwa ajili yangu, mdogo wangu."

Nikatoa chungu kwenye kikapu nikakigeuza. Nikamwonyesha pengo. Alipitisha kidole juu yake, akakirudisha nyuma, akapitisha tena.

"Kwa hiyo Alhamisi sikuweka kitu."

"Hukuweka."

"Lakini naliona, Zefania."

"Liache, mzee. Halikuwepo."

Tulikwenda sebuleni wote wawili. Memsabu alikuwa akiandika, na karatasi aliyokuwa akiandika niliijua ni ipi bila kuisoma. Nilifungua mapazia bila kuomba ruhusa. Nikaweka chungu juu ya duara, nikakizungusha polepole mpaka pengo likakutana na pengo. Kilikaa pale kama mtoto aliyerudishwa kwa mama yake. Memsabu alikuja akainama, akakiinua, akatazama chini yake, akakirudisha.

"Wiki hii wewe nasema birika," alisema kwa Kiswahili chake cha kubabaisha.

"Nilisema, memsabu. Nilikosea. Mpishi hakufanya."

"Nani naambia wewe weka moto juu ya meza?"

Swali hilo lilikuwa langu. Nililiuliza katika kila nyumba ya serikali ya Same, na sikuwahi kufikiria kwamba jawabu lake ni gumu namna ile. Nikasema hakuna aliyeniambia.

Memsabu alichukua ile karatasi yake, akaichana mara mbili, akaitia kwenye kikapu cha taka. Akamwambia mpishi, kwa Kiswahili chake kilekile, kwamba amemkosea na kwamba chakula cha mchana ni saa saba. Mimi nilidhani mambo yamekwisha. Mzee Elinaza hakuondoka.

"Memsabu," alisema, "naomba fundi aandike."

"Andika nini?"

"Haya aliyosema. Habari ya meza imeshafika sokoni. Maneno hayakai kwenye kopo."

Basi nilikaa kwenye kiti cha Bwana Shauri, kwenye meza ile ile, kando ya duara langu, nikaandika. Memsabu akatia sahihi chini. Barua ilikuwa fupi:

"Mimi Zefania, fundi wa karakana ya Same, nasema kwamba meza ya Bwana Shauri iliunguzwa na chungu changu cha gundi chenye pengo, si birika la Mzee Elinaza. Nilipima vibaya kwa sababu nilikuwa na uhakika."

Mzee aliisoma, akaikunja, akaenda kuiweka kwenye kopo, juu kabisa.

Bwana Shauri aliporudi alinikaripia kwa dakika mbili na kuniambia nitengeneze meza. Kutengeneza mbao ya maranda iliyovimba ni jambo ambalo sitaki mjifunze kwa vitendo. Randa haisaidii. Nilipitisha mara moja, ikafumuka kama ugali wa jana. Mwishowe nilikata shimo la duara, nikachonga kipande cha mkulo cha ukubwa uleule, nikakipachika. Kilionekana waziwazi kama kiraka cha suruali. Lakini ndiyo ikawa sehemu pekee ya meza ile isiyoogopa moto, na tangu hapo Mzee Elinaza aliweka birika lake hapo kila siku, saa nne na saa kumi, na nikiingia alinitazama.

Mwezi ule ule alipata mtu anayeshuka kutoka Gonja, akamwagiza maganda makavu ya mgomba. Akayasokota ngata, kama zile akina mama wanazoweka kichwani chini ya mzigo wa kuni, ila ndogo, ya ukubwa wa kitako cha chungu. Akaniletea karakanani kwa mikono yake.

"Nakuomba usiweke juu ya meza kitu chochote cha moto," alisema, "hata kwa dakika moja. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, mzee."

Nimeona mikeka ya gome la vizibo vya chupa iliyoagizwa Ulaya, nimeona vigae, nimeona vitabu vya sala vikitumika. Ngata inavishinda vyote. Inakiinua chombo kidole kimoja, hewa inapita chini, na maganda ya mgomba hayapitishi joto haraka. Ikianza kuwa nyeusi, sokota nyingine. Kwa mbao za maranda ongezeni jambo moja: pakeni vanishi kwenye kingo zote, hata zile zisizoonekana, maana mvuke huingilia ukingoni kama mwizi wa kuku. Na kama nyumba imefunga mapazia, fungueni kwanza ndipo mpime.

Ule ubao sikuuteremsha. Niliongeza duara moja, juu kabisa, mkono wa kushoto. Mliwahi kuniuliza ni la nyumba gani lile lenye pengo, nikasema ni la karakana. Chungu chenyewe nimekiacha juu ya ngata yake, karibu na jiriwa. Ni chenu sasa.

Mzee Elinaza alipika kwa mabwana wengine wawili baada ya yule. Kila mmoja alifungua kopo, akasoma barua ya juu, akauliza kwa nini mpishi ana barua ya seremala. Naye kila mara alisimulia kisa kizima, na mara zote mbili alipewa jiko siku hiyo hiyo. Binti yake alimaliza ualimu. Mwaka jana mzee alifariki huko kwao Gonja, na baada ya mazishi binti alishuka Same akanitafuta karakanani. Alikuwa na barua moja tu mkononi.

"Baba alisema hizo nyingine ni zake," aliniambia. "Hii alisema ni yako, ikirudi kwako itakusaidia."

Nilimshukuru, nikaenda kusimama nyuma ya karakana, kwenye maranda, mpaka macho yalipokauka.

Siku mliyoniaga, mkuu wa idara naye alinipa barua ya sifa. Inasema kwamba kwa miaka yote ya kazi nilikuwa mtu mwangalifu na kwamba sikuwahi kuharibu mali ya serikali. Ni barua nzuri, imepigwa taipu, na muhuri umekaa sawa. Nimenunua kopo la biskuti. Nimeiweka ndani, na juu yake nimeweka ile nyingine, ya mkono wangu. Atakayefungua ataanza na ya juu.